Magamba ya Ilaya

Yaya Nadine,

Ilaya hana magamba. Nakwambia mapema, dada yangu, ili usinizungushe kama ulivyozoea. Mama yako aliniletea simu yako kubwa na kuipitisha juu ya geti, kwa sababu sikuruhusiwa kufika kwenye kilio chako. Mtandao uliporudi mjini nikafungua katuni yetu, nikaanza sura ya kwanza. Nikaikuza shingo ya Ilaya mpaka ikajaa kioo, nikasugua kioo kwa kitenge. Ni ngozi tu, ya kahawia, imepakwa kwa vinukta vidogo vidogo.

Sasa naelewa. Katuni ile haikubali kunakiliwa. Ukijaribu, picha inatoka nyeusi. Kwa hiyo kila Ijumaa ulilaza simu kubwa kitandani, ukaipiga picha kwa kasimu ka mama yako, ukatutumia sote wa kundi, kuanzia mtaa wa Bel-Air mpaka Katuba. Simu ikipiga picha simu nyingine, vile vinukta vinagongana na mistari ya kioo na kutoa mawimbi. Wahusika wengine wamepakwa rangi tupu, ndiyo maana magamba yalimwota Ilaya peke yake.

Na sisi, werevu wa kundi, tukamjengea ukoo mzima. Nyanya yake ni wa watu wa maji. Ndiyo maana hachorwi akinywa. Ndiyo maana mama yake hajaonyeshwa miguu hata mara moja. Héritier wa Katuba alibisha peke yake, akashikilia kwamba Ilaya ni binadamu safi, tukamcheka mpaka akajitoa kwenye kundi, kisha akaomba kurudishwa.

Lakini wewe, Yaya, picha halisi ilikuwa mkononi mwako. Ulijua tangu siku ya kwanza.

Nimeirudia siku hiyo kichwani. Ugonjwa wako wa damu ulikuwa umekushika miguu, nami nilikuwa nakukanda kwa mafuta ya moto. Nilikuwa nimetoka bombani nikilia, kwa sababu wasichana walininyima zamu yangu ya maji, wakasema nikachote kwao mama yangu, huko Kivu. Hukuniambia pole. Ulinipa kasimu nikaangalie sura mpya. Nikaona shingo ya Ilaya, nikapiga kelele kwamba huyu si mtu kamili, huyu ni nusu, kama mimi. Uliangalia simu kubwa, ukaniangalia mimi, muda mrefu. Kisha ukakubali, ukasema, "Njo vile. Iko nusu. Na bila yeye hakuna hadithi."

Nilifurahi wiki nzima. Wewe hukuwa dada yangu wa tumbo moja, ulikuwa jirani tu, na bado ulinidanganya vizuri kuliko ndugu yeyote.

Tangu uondoke mambo yamezidi. Kila mji unapoanguka vitani kule mashariki, kwao mama, hapa mtu anaokota jiwe. Duka la jumla la mjomba wangu, lile la sukari na mafuta, limevunjwa milango. Shule zimefungwa. Vijana wamekaa kwenye kona ya avenyu yetu na matairi, wanamuuliza kila anayepita ni mtoto wa nani. Baba amelifunga geti la lupango, ua wetu wenye ukuta, kwa kufuli, ufunguo unakaa mfukoni mwake hata akilala. Ameniagiza, "Bakikuuliza, sema uko wa kwetu tu. Mama usimutaje." Baba anatupenda, najua. Lakini ndani ya upendo huo hakuna hewa, Yaya. Nazunguka kutoka jikoni hadi getini, kutoka getini hadi jikoni, na ukuta wetu ni uleule.

Sijui kama walikuambia habari za siku yako ya mwisho. Nakuambia mimi. Mama yako alipiga simu akasema hospitali haina damu ya kukuongezea. Mama yangu alikuwa anamega bukari, ugali wetu. Aliinuka bila kunawa, akavaa viatu vyake vyeusi, akakaa mlangoni. Damu yake ilishaingia mwilini mwako mara mbili, na ulikuwa unamtania, "Miye niko na damu ya bantu ya ma commune yote ya muji. Sasa kabila yangu njo gani?" Lakini vijana walikuwa konani, na baba akasema tungoje patulie kidogo. Mama akangoja pale pale, viatu miguuni, mpaka simu ikalia tena. Hakulia. Alivua kiatu kimoja, kile kingine akakisahau mguuni hadi jioni.

Nina hasira. Na vijana, na baba, na wewe pia kidogo, kwa nini hukungoja.

Juzi Héritier ameandika kwenye kundi. Anasema ule mji wa Ilaya kwenye katuni utapona siku ile wenye damu nusu watakapofukuzwa nje ya kuta. Watu wakampigia makofi, watu ninaowajua, waliokula mandazi kwenu. Halafu akauliza: sasa Nadine hayupo, nani atatuonyesha hayo magamba?

Mimi ndiye mwenye picha halisi. Nikaandika, "Hana magamba, ni binadamu safi." Maneno machache tu, na kila mtu angefurahi, hata baba. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Nikaona ni maneno yaleyale niliyoagizwa na baba kuyasema pale konani.

Nikafuta. Nikalaza simu yako kitandani, nikaipiga picha kwa yangu, kama ulivyokuwa ukifanya. Magamba yakatoka, mazuri, mpaka nyuma ya sikio. Nikatuma, na chini yake nikaandika maneno yako ya siku ile. Wengine wamenitoa kwenye orodha ya marafiki. Sijali. Kidogo najali.

Leo asubuhi mama yako amepiga simu tena. Kuna mtoto mwenye ugonjwa kama wako pale wodini, naye anatafutiwa damu. Nilimwomba baba ufunguo. Aliutoa mfukoni, akauweka mezani karibu na chumvi, akaingia chumbani na kufunga mlango.

Vijana bado wako konani, nawasikia wakicheka. Naogopa, Yaya. Pumzika wewe, miguu isikuume tena. Nami nakuahidi hivi: wakiniuliza mimi ni mtoto wa nani, sitajibu kwa nusu. Nitaunyanyua mkono wa mama nilioushika, wauone.

Naishia hapa. Mama yuko mlangoni, amevaa viatu vyote viwili.