Dole Gumba la Enesi

Jumatatu, 4 Machi 2024
Nimerudi kutoka kazini, namkuta mwanamke sebuleni kwangu na godoro lake! Anaitwa Enesi, mke wa Ezron aliyeniuzia nyumba hii Desemba. Wakati wa mauzo alikuwa kijijini kwao Ibaba analima. Kasema yeye hajauza, na hatoki. Kachukua chumba cha uani. Mwenyekiti wa mtaa kasema tusipigane, tufuate sheria. Simu ya Ezron haipatikani. Wanasema kavuka mpaka kwenda Nakonde zamani.

Jumatano, 6 Machi
Kwa wakili Nikodemo, aliyetuandikia mkataba. Kanitolea fomu ya ridhaa ya mke, kwamba amekubali nyumba iuzwe. Chini kuna alama ya dole gumba! Enesi ni katibu wa akina mama kanisani kwao, mwandiko wake umenyooka kuliko wangu. Nikamuuliza wakili kama aliliona dole likiwekwa. Akakohoa. Eti siku ile ya mauzo mvua ilikuwa kubwa, Ezron akaomba akasainishe nyumbani, kesho yake akairudisha. Naye akagonga muhuri. Basi!
Na mimi je? Kutwa napitisha nyaraka za malori hapa mpakani, herufi moja ikikosewa narudisha. Ya nyumba yangu sikuisoma.

Jumapili, 10 Machi
Nikodemo ni mzee wa kanisa letu. Baada ya ibada wazee wameniita. Eti dada Ikupa, mambo ya ndugu yaishe humu humu. Eti wakili kateleza tu. Kateleza yeye, nimeanguka mimi! Nimewaambia nitamshtaki. Hakuna aliyenipa mkono wakati wa kutoka.

Jumanne, 12 Machi
Enesi kaniachia mahindi ya kuchemsha mezani. Nina hasira naye. Nimeyala yote.

Alhamisi, 14 Machi
Vwawa, kwa wakili mwingine, Jenista. Binti mdogo, anaongea taratibu. Kasema Nikodemo anashtakika, na shahidi mkubwa ni Enesi mwenyewe: aseme dole si lake. Nikafurahi! Subiri kwanza, dada, akasema. Enesi akiaminika, mauzo yanavunjika, nyumba inarudi kwake. Nikitaka kubaki na nyumba, sharti nilitetee dole lile lile. Yaani nimtetee Nikodemo! Nikishtaki, natoka. Nisiposhtaki, naishi na mke wa mtu mpaka lini? Nimebanwa kama panya. Nimelia njia nzima kurudi Tunduma, watu wananitazama.

Jumamosi, 16 Machi
Nimeamua. Nashtaki. Fomu ya maswali ya kesi aliyonipa Jenista iko mezani, na kiapo chini yake. Nimemwita Enesi.
“Dada, utatoa ushahidi?”
“Hata kesho.”
Kavaa miwani, kasoma fomu yote. Kaweka kidole kwenye swali la sita: kabla ya kununua, je, ulimfahamu mke wa muuzaji?
“Mdogo wangu, ulipokuja kuangalia nyumba, nani alikuonyesha vyumba?”
Yeye. Hadi stoo alinifungulia, na siku ile sebuleni nilimtambua, humu nikamwandika kama mgeni.
“Nilikwambia mimi ndiye mama mwenye nyumba. Mbona hukuniuliza kama nauza?”
Nilijua kuna mke. Niliona mume akishakubali, yamekwisha. Mimi, mwanamke! Naona aibu.
Kanipa kalamu. Kakaa mbele yangu, anamenya viazi, haniharakishi. Namba sita bado haijajazwa: nikisema ndiyo, Nikodemo atasema nami nilijua; nikisema hapana, naapa uongo. Naandika humu daftarini, nimelilaza juu ya fomu, na yeye anadhani naijaza.