Umeme Niliouita Habari

Nyakabiga, Bujumbura

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa mzima wa afya, nakula, nalala, na kazi naiweza, tena naiweza sana. Je, hapo Ujiji mmeamkaje?

Ile programu niliyokuwa naitengenezea zahanati sasa inafanya kazi. Inalinda friji la chanjo. Kila linalotokea inaliandika kwenye kompyuta na kulipangia daraja: habari, onyo, kosa au hatari. Habari hukaa humo kimya. Ikiwa hatari, king'ora kinalia na mlinzi anakimbia kuwasha jenereta. Madaraja niliyapanga mwenyewe bila kuuliza mtu, unanijua.

Basi Jumanne umeme ukakatika asubuhi. King'ora kimya. Mlinzi amezoea kukisubiri, akaendelea na chai yake. Saa sita mchana muuguzi mkuu, Mama Spès, akafungua friji ili awachanje watoto waliotoka Ruziba migongoni mwa mama zao, akakuta barafu imebaki kipande. Akaniita.

"We Mwajuma, courant ikikatika, mashine yako inaandika nini?"

Nikatazama. Iliandika: habari.

"Habari? Mi niko na batoto makumi ine inje, we unaniambia habari?"

"Lakini huku umeme unakatika kila siku, Mama Spès."

"Ndiyo, sisi tumezoea. Dawa haijazoea!"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kwa bahati kipimajoto kilionyesha chanjo bado nzima, na watoto wote arobaini wakachanjwa. Saa moja haikuisha nikawa nimeshabadilisha. Sasa umeme ukikatika king'ora kinasikika mtaa wa pili, na programu kama hiyo mji huu hauna nyingine.

Lakini neno lile, "tumezoea", limenikaa moyoni. Barua zote nakuandikia "huku salama". Mama, mwezi uliopita risasi zilipiga ukuta wa jirani mchana kweupe. Tulilala sakafuni, zikatulia, nikarudi kazini, na kwako nikaandika salama. Sikukusudia kukuficha, nilikuwa nimezoea. Lile lilikuwa onyo, si habari. Sasa mtaa umetulia, na ukichafuka nitakuambia.

Msalimie shangazi mshonaji, gauni lake ndilo ninalovaa kazini. Na kaka Hamisi, fundi wetu wa baiskeli, nina ombi kwake.

Uliniandikia kwamba mguu "unasumbua kidogo tu". Safari hii habari za mguu aniandikie Hamisi. Wewe Mama umeshauzoea.

Mwanao anayekuombea dua,
Mwajuma