Posa ya Ilham na Tambi za Mzee Ma

Xiaobei, Guangzhou,
China.
9 Desemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Abdulhadi,

Asalaam aleikum. Hujambo wewe, na goti lako halijambo? Nataka jibu la kweli, si ile alhamdulillahi yako ya kumfukuzia mtu mlangoni. Shemeji yangu Mwanahija presha imeshuka, au bado unamkorofisha? Na hapo Wete mvua za vuli zimekuja, au zimekasirika kama wewe?

Mie mwili mzima, roho ndiyo haikai. Mzigo wangu wa vigae na masinki unangoja meli, na mie nangoja mzigo, na chumba changu cha hoteli ni kile ambacho ukinyoosha mkono wa kulia unafungua mlango, wa kushoto unafungua dirisha. Nashuka, napanda, nashuka tena. Mlinzi wa chini keshaniuliza, laoban, umepoteza nini? Hapa kila mwenye shati safi ni laoban, yaani bosi, kwa hiyo usivimbe kichwa kwa niaba yangu.

Sasa nije kwenye ulilonituma. Ulisema, "Kaka Ahmada, nenda kawatazame hao wanaomtaka mwanangu ni watu gani, kisha niandikie kwa mkono wako. Kwenye simu wewe mwongo." Ukazima simu mpaka leo. Nimepiga mpaka yule mwanamke wa mtamboni anayesema hupatikani nimemzoea, nikimsikia namuuliza, na watoto hawajambo?

Na ni kweli, kwenye simu ulimi wangu unateleza. Lakini kuandika kwanichosha. Mie ni wa chuoni kwa maalim tu, shule niliipita kwa nje nikielekea sokoni. Kila neno hapa nalitolea jasho, na mie jasho langu silitoi kwa uongo.

Huyo kijana wanamwita Yusufu. Jina la Kichina analo pia, ila nikilitamka, Ilham wetu, anayesomea udaktari hapa hapa, hucheka. Ni Waislamu wa huku huku tangu mababu, watu wa bara ya mbali kaskazini, na babake, Mzee Ma, ana mkahawa wa tambi hapa nyuma ya msikiti. Jumamosi asubuhi hufundisha wasafiri kuvuta tambi kwa mkono kama walivyofanya wazee wake, darasa la saa chache tu, mtu anakula alichokivuta anakwenda zake.

Nikasema, hapo hapo. Wewe ungekwenda kwao ukakaa sebuleni ukanywa chai. Sebuleni kila mtu ana adabu, Abdulhadi. Mie nipeleke jikoni, nimuone mtu unga ukimganda vidoleni na moshi machoni. Nani wa kunidanganya jikoni, mie niliyepika pilau la harusi ya Konde, masufuria yamepangwa mpaka njiani, watu wa Tanga wakaona moshi wakadhani Pemba inaungua?

Basi nikavaa kofia yangu ya pama na miwani ya jua, nikajiandikisha kwa jina la Bwana Sufiani wa Moroni. Ilham sikumwambia.

Jiko nimelikagua kama mtu wa afya. Safi. Visu vimelala upande mmoja, na mtungi wa kutawadhia uko mlangoni. Mzee Ma ni mtu wa kofia nyeupe, ndevu za kuhesabika na mikono kama ya mchukuzi wa bandarini. Hacheki. Nilimtolea mizaha yangu mitatu bora kwa Kichina changu cha soko, akanipa aproni.

Yusufu mwenyewe ndiye mkalimani, Kiingereza kinamtoka. Mrefu, mwembamba. Nikajisemea kwa Kiswahili huku nacheka, kwa sauti maana hapana wa kunielewa, "Looo, huyu si mkwe, huyu ufagio wa chelewa." Akaniinamia kwa heshima, akaenda zake.

Tulikuwa mie, vijana wawili Wakorea wasioshika unga ila simu, na bibi mmoja wa Kitaliano wa umri wangu, hereni kubwa, mdomo mkubwa zaidi. Huyo alikuja kubishana.

"Tambi ni za kwetu Italia," akasema. "Nimefundishwa na bibi yangu tangu nina miaka mitano."

"Bibi," nikamwambia, "kwetu Pemba tambi twazila kwa sukari na tui la nazi, na tulishazila tukashiba tukalala, ndipo babu zenu wakajifunza kuchemsha maji."

"Tambi kwa sukari?" Akajishika moyo kama nimemtukania mama.

Yusufu akamtafsiria babake. Mzee Ma akajibu maneno machache, na Yusufu akatuletea kwa Kiingereza: "Baba anasema anayekanda hana nafasi ya kuzungumza."

Kazi yenyewe hiyo hapa, umwambie shemeji. Unga unaupiga kisima katikati, unatia maji kidogo kidogo kwa kiganja, na maji hayo yana kitu. Nikanusa. Wallahi magadi, baba, magadi kama ya kwetu ya maharage. Nikamwambia Yusufu, akamwambia babake, na mzee kwa mara ya kwanza akanitazama kama mtu. Kisha unakanda, unakunja, unakanda, halafu unafunika kwa kitambaa na unauacha.

Hapo kwenye kuuacha ndipo shida yangu. Mie nitaachaje kitu? Nikafunua nikauminya kidogo, nikafunika. Nikafunua tena. Mzee Ma akaja akanishika mkono, akaurudisha mfukoni mwangu kama unavyomrudishia mtoto.

Yule Mtaliano naye, kwa kujua kwake kote, alitia maji mpaka unga ukawa uji. Mzee Ma akapita, akatazama, akauliza kwa ukali, "Bakuli la nani hili?"

"Langu, baba," akasema Yusufu.

Akatukanwa pale pale mbele yetu, kichwa chini, kisha akachota unga mpya akamwekea bibi. Mie nikadhani kijana kachanganya mabakuli. Nikampa alama mbaya kichwani mwangu: mwembamba, na tena hajui bakuli lake.

Sasa sikiliza, na usicheke. Unga wangu niliuona mkavu. Na mie, unajua, kichupa cha samli ya Wete hakiniachi mfukoni. Wote walipogeuka kumtazama Mzee Ma akivuta, na anavuta, Abdulhadi, mkunjo mmoja unakuwa miwili, miwili inakuwa minne, mpaka tambi nyembamba kama nyuzi za kushonea kofia, mie nikamimina samli, nikakanda haraka. Chapati bila samli inalainika wapi? Usiseme niliharibu. Niliutendea wema, unga ndio ulikosa shukrani.

Zamu yangu ikafika. Nikavuta kwa madaha, kiuno nimekitoa. Mara ya kwanza ukaja. Mara ya pili ukakatika vipande vipande, kimoja kikamwangukia Mtaliano kwenye kiatu, kingine mie kwenye miwani. Mzee Ma akaokota kipande, akakisugua vidoleni, akanusa. Uso ukabadilika. Kumbe mafuta ukiyatia mle unga haushikani tena, ni kama kuwaita watu jikoni kisha ukawafukuza.

"Nani katia mafuta?"

Nilishafungua kinywa. Hadithi ilikuwa tayari, ya jinsi masultani wa Ngazija walivyopenda tambi za samli. Yusufu akanitangulia.

"Mimi, baba. Bakuli hili langu. Nimekosea chupa."

Hapo akasemwa, si mchezo. Mzee alipiga meza, Wakorea wakaacha kupiga picha. Kijana akasimama tu, halafu akapiga magoti akapangusa sakafu, mpaka kiatu cha Mtaliano akakifuta. Na mie, kaka yako, niliyewahi kumnyamazisha dalali wa Kariakoo, nikajitia kufuta miwani.

Wenzangu walipoondoka mie miguu ilikataa kutoka. Yusufu akaniletea bakuli la supu ya nyama na tambi alizovuta mwenyewe, akaliweka kwa mikono miwili, akakaa kwenye kigoda cha chini kuliko kiti changu.

"Shikamoo, baba mkubwa," akasema.

Kwa Kiswahili, Abdulhadi. Na cha Pemba, kile cha Ilham, mpaka sauti inapopandia ni pale pale. Supu ilinipitia puani.

"Umenijua lini?"

"Ulipoingia. Ilham alinionesha picha yako. Kwenye picha umevaa kofia hii hii."

Nikaivua.

"Na ufagio wa chelewa ndio nini? Sijamuuliza Ilham bado."

"Ni sifa ya kwetu," nikamwambia. "Mtu hodari wa kazi."

"Mbona ulicheka?"

"Kwa furaha. Niache nile, mwanangu, supu inapoa."

Sasa ungedhani nilitoka pale nimeridhika. Thubutu. Nilitoka na mwiba. Maana kama alinijua tangu mlangoni, basi kunisitiri kule ni kwa nini? Kamsitiri mzee aliyekosea, au kamsitiri mkwe anayemhitaji? Mtu yeyote ataficha samli ya mtu mwenye binti. Nilitembea toka Xiaobei mpaka Sanyuanli nikageuza, jasho linanitoka na huku baridi. Nikapita vyumba vya mizigo, vijana wa Kitanzania wananiita mzee karibu chai, sisikii.

Nilikuwa juu ya daraja la waenda kwa miguu, watu wamejaa, nikasimama ghafla, mwenye mkokoteni akanigonga makalio. Nimemkumbuka Mtaliano.

Yule bibi hana binti wa kumwoza Yusufu. Kesho yake anapanda ndege, hataonana naye mpaka kiyama. Na bakuli lake lilikuwa la kwanza.

Nikarudi mbio, kama mtu wa goti zima, mpaka kwa Mzee Ma. Nikamkuta anafuta meza. Nikamwambia jina langu la kweli, akasema analijua. Nikamuuliza habari ya yale mabakuli, Yusufu akatafsiri huku anatazama pembeni kwa haya. Mzee akasema, "Jikoni kwangu mgeni hakosei. Likiharibika bakuli ni la mwanangu, na mimi namgombeza ili mgeni asione vibaya. Nilipokuwa kijana, kwa baba yangu, yaliyoharibika yote yalikuwa yangu."

Kisha akacheka, kumbe ana meno mazuri. Akanambia mdogo wake keshakaa meza ya nyuma yangu pale ninapokula mchana, kuulizia sisi ni watu gani. Tumepelelezana, baba, kila mmoja na kofia yake. Nikauliza nimesemwaje. Akasema, "Kwamba una maneno mengi, na kwamba ukitoa ahadi hulali mpaka uitimize." La pili umwambie kila mtu. La kwanza wanalijua.

Sikufichi yaliyo mazito. China ni mbali. Kuna wajukuu watakaokuita babu kwa lafudhi ya ajabu, na kuna siku Ilham atakutamani na ndege haiko. Hilo siwezi kulipaka samli.

Lakini kuna jingine, na ndilo linalonitoa kitandani. Ilham hajaniuliza neno. Nikienda kumtembelea chuoni namkuta anafua nguo ambazo zilishakuwa safi. Nilimuuliza babako akikataa je. Akasema, "Baba akisema hapana, na mimi nimesema hapana, baba mkubwa." Anakamua shati, hanitazami. Na atafanya hivyo, mimi na wewe tunamjua. Atamaliza udaktari wake, atarudi Wete, atakupima presha kila asubuhi na atatabasamu, na wewe hutamwona akilia hata siku moja. Utaweza kuishi na tabasamu hilo? Mie nikilifikiria tu navaa viatu natoka.

Mzee Ma na mkewe wako tayari kuja kuposa kwa miguu yao mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo. Hawatakata tiketi mpaka mwenye binti aseme karibuni. Neno moja. Mie siwezi kulisema kwa niaba yako, ingawa limenikaa kooni kama mwiba wa changu.

Barua hii anakuletea Dullah, kijana wa mizigo, anasafiri kesho. Nimemwambia asibanduke barazani kwako mpaka uwashe simu. Nakuonya, anakula sana.

Msalimie sana shemeji Mwanahija, mwambie mama yake Yusufu anauliza anavaa kiatu namba gani, anataka kumshonea vya baridi, nami nimemwambia Pemba viatu vya baridi atafugia kuku. Msalimie Bi Agripina jirani, na mwanangu Shifa mwambie yule beberu asiuzwe, huenda akatakiwa Shaabani. Mola akupe afya, akulainishie goti na moyo, na asikutenge na wanao popote walipo.

Nimeambiwa unga ukishafunikwa usiguswe. Nimejitahidi. Lakini tangu nimeanza kukuandikia simu yangu nimeifunua naifunika, naifunua naifunika, na Mzee Ma hayuko hapa wa kunirudishia mkono mfukoni.

Kaka yako akupendaye hata ukimzimia simu,

Ahmada