Zulia Lisilokanyagwa

Antigua Guatemala, Jumatatu ya Pasaka

Kaka Anselmo,

Mama hajambo, kuku wanataga, na Bi Ofelia jirani bado anagombania ukuta. Salamu zimekwisha. Sasa nisikilize.

Ijumaa Kuu Mama alipiga magoti barabarani kwa muda wa saa tisa, akipanga maua na unga wa mbao uliotiwa rangi mbele ya mlango wetu. Daktari alikwambia wewe mwenyewe kwamba mwakani macho yake, ambayo sasa yanaona ukungu tu, hayataona kabisa. Hilo lilikuwa zulia lake la mwisho la kumtandikia Bwana apite.

Nawe, maandamano yalipofika, ukawakimbilia wabeba sanamu ya Yesu: "Jamani, pitieni kando kidogo, wageni wangu wa hoteli hawajamaliza kupiga picha." Wakapinda! Yesu na msalaba wake wakapitia mtaroni, na wageni wako wakapiga makofi.

Mama akauliza, "Remedios, mbona nasikia miguu kule kando?"

Bi Ofelia akawahi kusema, "Wamelionea huruma, shoga. Limependeza mno."

"Nani kawaambia walihurumie? Nimemwekea alikanyage!"

Kaka, ibada si pambo. Mama alitoa moyo wake uvurugwe na miguu ya Mungu, wewe ukauzungushia kamba utazamwe.

Watu walipoondoka, Mama alivua viatu akapita mwenyewe juu ya zulia, polepole, huku akisali kwa sauti. Alimwomba Mungu akusamehe, akakutaja kwa jina. Nilikuwa nimemshika mkono, na sikuitikia amina.

Dada yako,
Remedios