Mshumaa wa Dirishani kwa Mama

Mdogo wangu, fundi wa mishumaa,

Huku wote wazima, ila mimi nimekuja kugombana. Ulijigamba kwamba mshumaa wako wa nta ya soya unamaliza wiki. Nilifuata masharti yako yote: mara ya kwanza niliuacha hadi nta ikayeyuka mpaka ukingoni mwa glasi, na utambi naukata kila kabla haujawashwa. Bado mshumaa wa Mama unakwisha kwa siku mbili! Nikasema umeweka utambi mnene kama kamba ya kiatu.

Jioni moja wiki iliyopita niliingia chumbani kwake bila hodi. Dirisha wazi, mwali umelala upande, glasi imeungua nyeusi.

"Mama, upepo unaula mshumaa."

"Uache. Mdogo wako akipita atajuaje kama tupo?"

"Yuko mbali, Mama."

"Ndiyo maana nimefungua dirisha, mbishi wewe."

Basi nimekusingizia, utambi wako hauna kosa. Lakini pindo la pazia limeungua, na yeye halioni. Nikifunga dirisha, anafungua. Nikificha kiberiti, anaazima kwa jirani. Nimewabwaga wasomi kwenye mabishano, Mama kanishinda. Sasa akiwasha, nakaa mlangoni na ndoo ya maji, na usingizi unaninyemelea.

Usitume mishumaa mingine. Njoo mwenyewe, upite mbele ya dirisha lile akuone. Huenda akalifunga.

Ni mimi dada yako, ambaye safari hii sibishani, naomba.