Gilbert, Safari Hii Hawakukulilia

Nyakasimbi

Rafiki yangu Gilbert,

Barua zetu zote kwa miaka hii zilianza kwa kuulizana afya. Leo sina cha kukuuliza. Naingia moja kwa moja kwenye habari, na habari yenyewe si nzuri: umekufa, nami nimeshindwa kuwafanya watu wa hapa waamini kwamba umekufa.

Nitakueleza kwa utaratibu. Unanijua, siwezi kusimulia jambo bila kuanzia lilikoanzia, hata kwa mtu anayelijua. Nivumilie kama ulivyonivumilia.

Binti wa dada yako alinitumia ujumbe kwenye simu. Alisema umefariki usingizini, katika ile nyumba ya kutunzia wazee, na kwamba mwili ulichomwa kama ulivyoagiza mwenyewe. Waliohudhuria ni yeye, mumewe, na mzee mmoja mliyefanya naye kazi jukwaani. Hapakuwa na nyimbo. Akaambatanisha picha: jeneza la mbao nyeupe, maua juu yake, na nyuma viti vitupu. Nilikaa na picha hiyo barazani mpaka chai ikapoa.

Ni baraza lile lile ulilokaa safari yako ya mwisho, ukamwambia mama yangu kwa Kiswahili chako cha kutafuna: "Mama, kwetu sina wa kunililia. Nikifa, mtanililia ninyi?" Naye akakujibu bila kuacha kumenya ndizi: "Tutakulilia, mwanangu, mpaka Rubwera wasikie." Mama ametangulia, hilo ulilijua. Ahadi yake ikabaki mikononi mwangu.

Sikuiona nzito. Watu wa hapa walikuwa wameshakulilia mara moja, na walilia kweli.

Ulipokuja mara ya kwanza ulikuwa kijana wa kujitolea, pua imeungua kwa jua, unafundisha Kiingereza katika shule yetu ya sekondari. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzi tu, nafundisha historia. Tulikaa nyumba moja ya walimu, na mwisho wa juma nilikuleta hapa kwetu. Mama alishindwa kulitamka jina lako, akakuita Giliberi, na kilima kizima kikamfuata. Ulikuwa ukiiga kila kiumbe: mkuu wa shule akitafuta miwani yake, padri akipanda pikipiki, jogoo wa jirani. Wazee walicheka mpaka wakamwaga pombe yao ya rubisi. Siku uliyotuaga ukasema unakwenda kuwa mwigizaji, nikawaeleza wazee hiyo ni kazi gani. Baba akaniuliza, "Yaani mtu mzima anaacha ualimu akaige jogoo?"

Maisha yako mengine niliyasoma kwenye barua. Miaka mingi ulikuwa mtu wa jukwaani, na kila mara mtu mdogo: mtumishi anayeingia na habari, askari anayesimama mlangoni, daktari anayetoka chumbani akitikisa kichwa. Mlisafiri mji hadi mji na kundi lenu, mkilala kwenye vyumba vya kupanga ambavyo ulisema vyote vinanuka kabichi. Ndoa yako iliishia humo safarini. Kisha, mvi zilipoanza, watu wa filamu wakakuona, wakagundua kwamba una uso ambao watu wanausikitikia upesi. Kuanzia hapo wakawa wanakuua. Walikupiga risasi, walikuzamisha, walikutilia sumu kwenye supu. Ulinieleza tofauti yake, nami nimewaeleza wengi: jukwaani mtu anakufa jioni moja mpaka mwisho, na walioketi mbele wanazuia pumzi pamoja naye, kwenye filamu anakufa vipande vipande, leo mkono, kesho uso, na katikati mnakunywa chai. Ulipenda zaidi kufa jukwaani. Filamu ndizo zilizokulisha.

Filamu hizo zilifika mjini Omurushaka, kwenye vibanda vya video, zikiwa na mtu anayezitafsiri kwa Kiswahili juu ya maneno ya wahusika. Ya kwanza tuliitazama hapa nyumbani, kwenye televisheni ya mdogo wangu, jenereta inanguruma uani. Mama alikutambua kabla yetu. "Giliberi huyo! Mbona amekonda?" Hajamaliza kusema, jamaa mwenye ndevu akakuchoma upanga.

Mama alipiga yowe. Nasema lile yowe lenyewe la msiba, ambalo likitoka shamba moja, shamba la pili linalipokea. Nilikuwa sijatua kikombe wakati wanawake walipofika wamejifunga kanga viunoni, wanalia tangu barabarani. Mtu alishaanza kukata nyasi za kutandika chini. Ilibidi nipande juu ya kiti nieleze. Nilieleza kwamba damu ile ni rangi, kwamba upanga hauna makali, kwamba Gilbert yuko kwake anakula mkate. Kwanza waliona haya, kisha wakakasirika. Mzee wa ukoo wetu akasema mtu aliyeliliwa angali hai haachwi hivyo: aje mwenyewe, aingie kwa mlango wa mbele, ale mbele ya wote waliomlilia, ndipo kilio kifutike. Nilikuandikia hayo nikidhani utacheka tu.

Ukaja. Ulivuka dunia nzima kuja kula ndizi na maharage mbele ya wanawake waliokulilia. Ma Koku, jirani yetu, alikupiga mgongoni kwa mwiko. "We mzungu! Umetumalizia machozi bure! Haya, kufa tena tukuone vizuri!" Nawe ukafa, pale pale uani, katikati ya majamvi ya kahawa, ukatapatapa mpaka buni zikamwagika, na wakakufanya ufe tena kwa ajili ya waliochelewa.

Tangu siku hiyo kufa kwako kukawa starehe ya watu. Nikipita Omurushaka naitwa kutoka kibandani: "Mwalimu! Giliberi amekufa tena!" "Safari hii wamemfanyaje?" "Wamemtupa kwenye treni!" Na kama palikuwa na mgeni aliyesikitika, nilisimama nikamweleza kwa upole kwamba hajafa, hiyo ni kazi yake. Nilifundisha miaka mingi, Gilbert, na sijui kama lipo somo jingine lililoeleweka kama hilo.

Sasa uone nilivyofika kwa mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana, nimevaa koti. Unajua desturi yetu. Jirani akifa, hakuna anayeshika jembe mpaka azikwe, na ukimya huo wa mashamba ndio unaomtangaza kuliko kengele. Niliomba kitu hicho kimoja tu: asubuhi moja majembe yalale, na watu waje wakae nami. Mwenyekiti alikuwa dukani kwake. Akaniamkia vizuri, akanipa pole, akaniuliza mwili unafika lini.

"Hauji," nikasema. "Wameuchoma."

"Wamemchoma? Ndugu zake wenyewe?" Akaniangalia kama niliyemwambia umeliwa. Kisha taratibu nikaona uso wake ukifunguka, kama wa mtu aliyegundua anataniwa. "Ah, Mwalimu! Kumbe ni Giliberi yule yule!"

Nikatoa simu, nikaonyesha picha. Ikapita mkono hadi mkono. Kijana wa bodaboda aliyetoka Rubwera akaikuza kwa vidole. "Hii ni filamu gani, mzee? Hii sijaiona." Mwingine akasema, "Jeneza zuri. Zamani walikuwa wanamwacha kwenye matope." Wakacheka, na kicheko chao hakikuwa na ubaya wowote. Walifurahi kukuona. Ndiyo sababu sikuweza hata kuwakasirikia.

Nilieleza. Nilieleza kama ninavyojua, hatua kwa hatua: uzee, ugonjwa wa mapafu, ujumbe wa binti wa dada yako. Kadiri nilivyotaja mambo mengi ndivyo hadithi ilivyowanogea. Sauti ikaanza kunitetemeka, na hapo ndipo niliposhindwa kabisa, kwa sababu mwenyekiti alinipiga begani akasema, "Mwalimu nawe umeiva! Siku nyingine watakuchukua na wewe ukaigize!"

Jumapili mchungaji alikubali kukutaja katika maombi ya wafiwa. Alipolisoma jina lako kicheko kikapita kwenye mabenchi ya akina mama, kidogo kidogo, kama watoto wanaokatazwa. Mchungaji naye akauma mdomo. Alinifuata nje baadaye kuniomba radhi, na nilipomwangalia niliona anajizuia.

Kesho yake nikaamka, nikatandika nyasi sebuleni, nikawasha moto wa msiba uani, nikakaa mbele yake. Nilijiambia labda wakiuona moto watajua. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Nikasikia jembe la kwanza, upande wa chini, kwa mwenyekiti. Halafu la pili, ng'ambo ya kijito. Halafu yakawa mengi hata sikuweza tena kuyatofautisha. Mvua zilikuwa zimeanza na maharage yalitaka kupandwa. Palizi na upanzi havingoji mtu aliyekufa kwenye televisheni.

Jua lilipopanda, Ma Koku akaja. Ni mzee sana sasa, anatembea kwa fimbo, na akili inakuja na kuondoka. Aliuona moto, akaziona nyasi, hakuniuliza neno. Alitupa fimbo akaanza kulia. Gilbert, hujasikia kilio kama hicho, na hakuna jukwaa lililowahi kukisikia. Kilitoka tumboni, cha kizamani, chenye maneno ya Kinyambo chetu ambayo hata mimi nimeyasahau. Moyo wangu ukainuka. Nikasema moyoni: mmoja. Amepata walau mmoja.

Kisha nikalisikia jina analoita. Lilikuwa la mwanawe, Projesti, aliyezikwa kwenye shamba lake mwenyewe hapo juu, nawe hukumfahamu. Nikangoja. Nilidhani atafika kwako. Hakufika. Nilijaribu kulia pamoja naye nikikuwaza wewe, ili angalau sauti ile nzuri ikupitie, lakini kilio cha mtu kina mwenyewe. Nilijiona kama mwizi, nikanyamaza.

Mjukuu wake akaja mbio kumtafuta, jembe begani, miguu ina udongo. "Bibi, twende. Baba mdogo tulishamzika. Shikamoo babu, utusamehe, siku hizi anaingia kila nyumba." Akamwokotea fimbo. Akaona moto na nyasi, akasita. "Babu, kwani hapa kuna msiba?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kueleza. Alikuwa msichana msikivu, huenda angeelewa. Nikafungua kinywa, na maneno yote niliyonayo yakanijia yakiwa yameshatumika.

"Hapana," nikamwambia. "Ni baridi tu."

Wakaondoka. Niliuzima moto kwa maji, nikazifagia nyasi, nikawapa mbuzi wa jirani.

Hayo ndiyo yaliyotokea, na mama hayupo wa kumweleza. Siku hizi nikienda dukani, mwenyekiti ananiuliza, "Mwalimu, Giliberi anakuja lini tena?" Anauliza kwa mapenzi. Wamekuwekea na utani mpya kuhusu lile jeneza, wanasubiri ufike wakuambie. Kuna atakayeniambia kwamba hii nayo ni heshima, mtu kubaki hai katika vinywa vya watu. Nimelipima hilo kwa uangalifu, kama ninavyopima kila jambo, na sioni faraja ndani yake. Uliomba kitu kidogo, kitu ambacho hapa hata mlevi wa barabarani anakipata, na hukukipata kwenu wala kwetu.

Kwaheri, Gilbert. Sina kaburi la kupalilia wala siku ya arobaini ya kungojea. Ninachoweza kukuahidi ni kidogo na hakitakusaidia: sitamweleza mtu tena. Wanaokungoja nitawaacha wakungoje, na wakiniuliza utafika lini nitasema sijui. Lakini mimi nitaendelea kujua. Kilima kizima kitakuwa kinakutarajia, na atakuwepo mzee mmoja tu anayejua kwamba huji, mpaka siku ambayo naye hatajua kitu.

Rafiki yako,
Anatoli