Mkono wa Juu wa Trekta

Lodwar, 2013

Mjukuu wangu Akai,

Ejok, hujambo? Sisi hapa tu wazima. Mama yako amekwenda Kainuk kumwona dada yake, na bibi yako bado anagombana na mbuzi wa jirani.

Umeniuliza kikundi chenu hapo Kakuma kinunue mkono gani wa juu wa kushikia plau: wa haidroli, au wa kuzungusha kwa mkono. Nilipokuwa dereva kijana kando ya mto Turkwel, tulikuwa na wa kuzungusha tu. Ukitaka plau isichimbe sana, unashuka, unaurefusha.

Siku moja nililima shamba la Mama Ebei. Nilijua tope la mafuriko pale ni jembamba, na chini yake ni mchanga mtupu. Lakini jua lilikuwa kali, nikaona uvivu kushuka. Nilipomaliza na kushuka, shamba zima lilikuwa jeupe kwa mchanga uliofukuliwa.

Mama Ebei hakunigombeza. Alichota mchanga kwa mikono miwili, akaumwaga kwenye kiti changu cha trekta, akasema, "Haya, ukalie."

Mtama wake ulikauka kabla ya kutoa masuke.

Wa haidroli unaurekebisha ukiwa umekaa, lakini mpira wake wa mafuta ukipasuka, fundi yuko Kitale. Mimi ningechukua wa kuzungusha. Hata hivyo, mkinunua wowote, lima hatua kumi kwanza, kisha ushuke uangalie udongo.

Siku ile sikuupangusa ule mchanga. Niliendesha trekta hadi nyumbani nimesimama.

Babu yako